HP Z440 au Dell T5810: ukitaka kuipandisha kwa vifaa vya mtumba, hela ianzie wapi?

Hizi kompyuta za kazi nzito za kuanzia 2014 mpaka 2016 zimejaa sana sokoni sasa hivi, maofisi ya Ulaya na Marekani yameshazitoa, nyingine zinapitia Dubai nyingine zinakuja na kontena moja kwa moja zinaitwa ex-UK, ukizunguka Kariakoo au ukiwa Nairobi ukapita Luthuli Avenue hukosi kuiona HP Z440 au Dell Precision T5810 imewekwa chini ya meza huku laptopu ndo zimepangwa juu. Wanaozitafuta ni wale wale, wachoraji wa majengo, watu wa 3D, waeditaji wa video za harusi na matangazo, wahandisi wenye mahesabu marefu. Na wengi wanauliza vitu viwili, ninunue ipi kati ya hizi, alafu nikishanunua niongeze nini kwanza.

Msimamo wangu nauweka mwanzoni kabisa. Nunua mashine kwa kuangalia pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani) na mazabodi (bodi kuu inayoshika kila kitu), usinunue kwa kuangalia prosesa iliyomo. Prosesa na RAM utabadilisha kwa hela ndogo tu, ila pawa saplai za hizi mashine sio za kawaida, plagi zake ni za HP wenyewe au Dell wenyewe, huwezi kwenda duka lolote ukachukua ATX, yaani ya kawaida ya desktopu, ukaifunga ikakubali. Ukinunua yenye pawa saplai dhaifu umeshajifungia mlango wa GPU, yaani kadi ya picha, na kwa kazi nyingi za leo GPU ndo kila kitu.

Z440 na T5810 zinavyofanana na zinapoachana

Ndani hizi mbili ni ndugu kabisa. Zote zina soketi moja ya LGA 2011-3, chipseti ya Intel C612, sloti 8 za RAM ya DDR4 zinazofanya kazi kwa chaneli nne (njia nne za RAM kwenda kwa prosesa), na zote zinakubali prosesa za Intel za Xeon E5 v3 ya 2014 na v4 ya 2016. Yaani prosesa ukiitoa huku ukaiweka kule inafanya kazi, RAM vilevile. Kwahiyo usikubali mtu akubishie bei eti hii ina kasi kuliko ile, kasi inatokana na utakachoweka ndani.

Zinapoachana ni kwenye umeme. Z440 inakuja na pawa saplai ya wati 525 au 700. T5810 inakuja na 425, 685 au 825. Hapo utaona mwenyewe, T5810 ya 825 ndo yenye nafasi kubwa kuliko zote na T5810 ya 425 ndo mbovu kuliko zote kwa mtu mwenye mpango wa kuipandisha, na kwa nje zinafanana, kasha ni lile lile rangi ile ile, muuzaji mwenyewe saa nyingine hajui ana ipi. Angalia stika ya pawa saplai, usiulize. Kwa Dell ni rahisi, pawa saplai unaivuta kwa nyuma bila bisibisi inatoka nzima, unasoma unarudisha. Hilo pia ni faida siku ikiungua maana unabadilisha mwenyewe ndani ya dakika chache, ukishaipata ya kubadilisha.

Kwa hiyo mimi nikiwekewa Z440 ya 700 na T5810 ya 685 bei sawa nachukua yenye hali nzuri zaidi, safi ndani, feni hazipigi kelele, basi. Nikiwekewa T5810 ya 825 naichukua hiyo hata kama imezidi bei kidogo. Z440 ya 525 ni ya mtu ambaye GPU yake haitazidi wati 100 na ushee. T5810 ya 425 achana nayo, labda kama unataka mashine ya kuhifadhi mafaili.

Kuna Lenovo ThinkStation P500 na P510 nazo ni za familia hiyohiyo ya prosesa na ni mashine nzuri, shida yake kwetu huku ni vipuri, ukiharibikiwa na kitu kidogo tu utaagiza na kusubiri.

Alafu kuna watakaokuletea Z420 au Dell T3600 na T3610 wakikwambia ni kitu kilekile bei nusu. Sio kilekile. Hizo ni za kizazi cha nyuma, RAM yake DDR3, prosesa zake E5 za mwanzo na v2, na hazina maelekezo ya AVX2 ambayo yalianza na Haswell, yaani v3, na programu kadhaa mpya za video na 3D zinayataka, bila hayo zinagoma kabisa kufunguka. Z420 ina mtego mwingine, ukiingia kwenye BIOS (programu ya kuwashia mashine iliyo kwenye mazabodi) kuna sehemu inaonyesha tarehe ya Boot Block, ikiwa ya 2011 haipokei prosesa za v2 hata uapdeti BIOS mara ngapi, ikiwa ya 2013 inapokea. Wengi wamenunua prosesa ya v2 wakaishia na skrini nyeusi kwasababu ya hiyo tarehe. Ukiongeza kidogo ukapata Z440 umetoka kwenye matatizo hayo yote.

Prosesa: kora nyingi au kora zinazokimbia

Hapa ndo watu wanapotupa hela. Kora ni vitengo vya kufanya kazi ndani ya prosesa, wanaona kora 22 wanachanganyikiwa. Angalia hizi kwanza, kasi niliyoandika ni ya juu kabisa ambayo inafikiwa kora chache zikifanya kazi:

E5-1650 v4: kora 6, 4.0 GHz, wati 140
E5-1680 v4: kora 8, 4.0 GHz, wati 140
E5-2667 v4: kora 8, 3.6 GHz, wati 135
E5-2680 v4: kora 14, 3.3 GHz, wati 120
E5-2690 v4: kora 14, 3.5 GHz, wati 135
E5-2699 v4: kora 22, 3.6 GHz, wati 145

Sasa kama kazi yako ni kuchora kwenye AutoCAD, Revit, ArchiCAD au SketchUp, muda mwingi programu inategemea kora moja au mbili, hizo nyingine zimekaa tu. Mtu huyu akitoka E5-1650 v4 akahamia E5-2680 v4 ya kora 14 atashangaa mchoro mkubwa unazunguka kwa uzito kuliko zamani, na amelipa hela. Huyu anatakiwa akae na 1650 v4 na akibahatika apate 1680 v4. Ila mtu anayerenda (kuigeuza 3D kuwa picha kamili) kwa V-Ray ya prosesa au Corona anatumia kila kora unayompa, huyo E5-2680 v4 ni ya kwake na ajabu ni kwamba 2680 v4 mara nyingi inauzwa bei rahisi kuliko hiyo 1650 v4 ya kora 6, kwasababu ilifungwa kwenye seva nyingi sana duniani na data senta zinazitoa kwa mafungu makubwa. Kati ya 2680 na 2690 tofauti ni ndogo, chukua unayoipata kwa bei nzuri. Ile ya kora 22 kwa mashine ya soketi moja mimi sioni sababu, bei inaruka na joto linaongezeka.

Jambo la lazima: kama mashine ilikuja na v3 na unataka kuweka v4, apdeti BIOS kwanza ukiwa bado na v3 ndani. Ukitoa v3 ukapachika v4 kwenye BIOS ya zamani haitawaka na utadhani umeuziwa prosesa mbovu. Na prosesa yenyewe soma juu ya chuma chake, namba ianze na SR. Ukikuta imeandikwa INTEL CONFIDENTIAL hiyo ni sampuli ya majaribio ya kiwandani, bei yake huwa inavutia ila mara nyingi mashine za HP na Dell haziitambui, iache.

RAM

Hii fupi. Z440 inataka Registered ECC, yaani RAM ya seva, sio hii ya desktopu ya kawaida. Kwenye stika tafuta maandishi kama PC4-2400T-R, hiyo herufi R ndo unayoitaka. Ukikuta L mwishoni hiyo ni LRDIMM, ukikuta U au E ni aina nyingine, na hizi aina usizichanganye kwenye mashine moja maana haitawaka. T5810 nayo iwekee hizohizo za R usipate taabu.

Uzuri ni kwamba kwa miaka mingi RAM ya seva ya mtumba imekuwa rahisi kuliko ya kawaida, ingawa tangu mwishoni mwa 2025 RAM za kila aina zimepanda duniani kwasababu ya hizi seva za akili bandia, kwahiyo ukiikuta mashine imekuja na 32 au 64 ndani tayari hiyo ni thamani kubwa, ihesabu kwenye bei. Weka nne nne. Vipande vinne vya 8 GB ni bora kuliko kipande kimoja cha 32 kwasababu kila kimoja kinajaza chaneli yake. Prosesa za v3 zinaishia 2133, v4 nyingi 2400, kwahiyo usilipie zaidi kwa ajili ya 2666, itashuka tu mpaka kasi ya prosesa.

GPU, na hapa nitakaa sana

Nyingi zinakuja na Quadro K2200 ya GB 4 au hata ndogo zaidi. K2200 ilikuwa kadi nzuri 2014. Leo inafungua AutoCAD vizuri lakini mpe Lumion, Twinmotion au Enscape ataishia kukuangalia, maana hizo programu tatu zinarenda kwa GPU, prosesa hazijali sana. Ndo maana nasema mchora majengo mwenye laki kadhaa za kuongeza asianze na prosesa hata kidogo.

Chaguo zimegawanyika makundi mawili, zote za NVIDIA, Quadro za kazi na GeForce za michezo. Kwa Quadro za mtumba zilizopo sana ni P2000 ya GB 5, P4000 ya GB 8 na RTX 4000 ya GB 8. P2000 inakula wati 75 tu na haina plagi ya umeme kabisa, inachukua yote kwenye sloti, kwahiyo inaingia hata kwenye Z440 ya 525 bila kufikiria. P4000 ni wati 105, nyembamba inachukua sloti moja, plagi moja ya pini 6. Quadro RTX 4000 nayo sloti moja, wati 160, plagi ya pini 8. Faida ya Quadro ni draiva zake (programu zinazoiendesha kadi) zimethibitishwa na watengenezaji wa programu za uhandisi, mtu wa SolidWorks kwa mfano kuna vitu kama RealView vinawaka kwenye Quadro na kwenye GeForce havionekani, huyo hana ubishi achukue Quadro.

Kwa wengine wote GeForce inakupa nguvu nyingi kwa hela ileile. RTX 3060 ya GB 12 ndo naipendekeza kwa watu wengi zaidi, wati 170, nyingi zina plagi moja ya pini 8, na hizo GB 12 zinasaidia sana maana eneo la 3D likijaa miti na magari na fanicha memori ndo inakata kwanza kabla ya kasi, programu inajifunga katikati ya renda saa nane usiku na mteja anasubiri asubuhi. RTX 2060 ya GB 6 ni ya kushikilia kama hela haijatosha. GTX 1060, 1070 na hata 1080 Ti ni rahisi na bado zina nguvu lakini ni za kizazi cha Pascal, hazina vile viini vya ray tracing (kuhesabu njia ya mwanga) vilivyoanza 2018 na kizazi cha Turing, kwahiyo Blender kwa OptiX, njia ya NVIDIA ya kurenda, inakimbia zaidi kwenye RTX, na NVIDIA walishatangaza kuwa Maxwell na Pascal zinatoka kwenye draiva mpya zinabaki na marekebisho ya usalama tu kwa muda. Hili linaigusa P2000 na P4000 pia, ni Pascal hizo. Ukinunua P4000 leo nunua ukijua unanunua ya miaka michache.

Kuhusu hesabu ya umeme, sloti inatoa wati 75, plagi ya pini 6 inatoa 75, ya pini 8 inatoa 150. Z440 ya 700 na T5810 ya 685 zinaibeba RTX 3060 vizuri. Hesabu plagi zilizopo kabla ya kununua kadi, ukikuta una za pini 6 tu utahitaji adapta inayounganisha mbili kwenda pini 8, na inunue imara, usichukue ile ya kuunganisha kutoka waya wa SATA, hiyo inaungua plastiki. Pima pia urefu wa kadi kwa rula, hasa Z440 kwa mbele kuna kishikio cha plastiki na kadi zenye feni tatu zinakigonga.

Kuna kadi mbili sitaki mtu aziweke humu hata akipewa kwa bei ya kutupa. Ya kwanza AMD RX 6500 XT, imeunganishwa kwa njia nne tu za PCIe (sloti ya kadi kwenye mazabodi) na hizi mashine zetu ni PCIe 3.0, kwahiyo inabanwa. Ya pili Intel Arc, zinahitaji kitu kinaitwa Resizable BAR kwenye BIOS na hizi mashine hazikuja nacho, kadi inapoteza nguvu nyingi sana.

Kwa waeditaji wa video kuna kitu kimoja cha kujua. Xeon E5 haina grafiki ya ndani, kwahiyo haina Quick Sync ile inayofanya laptopu ya i5 ya kawaida icheze video ya simu bila kukwama. Kazi yote ya kufungua H.264 na H.265, ile miundo ya video ya simu na kamera, inaangukia kwenye GPU, ndo maana mashine ya kora 14 yenye kadi dhaifu inakwama kwenye video ambayo laptopu inacheza, na mtu anabaki anailaumu prosesa. Na kama kamera yako inarekodi 10-bit 4:2:2 (video yenye rangi nyingi zaidi), kadi za NVIDIA kabla ya RTX 50 hazifungui hiyo kwa vifaa vyake, hapo tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za video, kabla hujaanza kukata.

SSD

SSD na hadi diski ndo vitu pekee ambavyo nasema nunua vipya. SSD inaisha kwa kuandikwa, ya mtumba huijui imeandikwa kiasi gani na ndo imebeba kazi za wateja wako. Hizi mashine hazina sloti ya M.2 kwenye mazabodi, unaweka adapta ndogo ya PCIe na NVMe (SSD ya kasi zaidi) juu yake, na baada ya kuapdeti BIOS inawasha Windows hapohapo. SATA SSD inasoma kama MB 550 kwa sekunde, NVMe nzuri ya PCIe 3.0 inafika 3,500. Ukitoka kwenye hadi diski hata SATA utaona mashine imezaliwa upya.

Lini usiipandishe kabisa

Hili lazima niliseme maana naona watu wanaongeza hela juu ya hela. Core i5-12400 ya 2022, kora 6, wati 65, kwenye kazi za kora moja inaiacha mbali Xeon yoyote kwenye orodha ile, na kwenye renda ya kora zote inakaribiana na E5-2680 v4 ya kora 14. Na ina Quick Sync, mradi isiwe ile yenye F mwishoni. Kwahiyo mtu wa Revit anayeanza sifuri, hana mashine, akijumlisha Z440 na prosesa na RAM na SSD akakuta amekaribia bei ya desktopu ya i5 ya kizazi cha 12, achukue hiyo i5, GPU atahamishia huko. Hizi Xeon zinalipa kwa mtu ambaye mashine anayo tayari, au anayehitaji RAM kubwa 64, 128 kwa bei ya kawaida, au anarenda kwa prosesa usiku kucha.

Windows nayo iingie kwenye hesabu. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma 14 Oktoba 2025 na Xeon za v3 na v4 hazimo kwenye orodha ya Microsoft ya Windows 11. Watu wanaipachika kwa njia za pembeni na inafanya kazi, ila ni jukumu lako. Mtu wa Blender anaweza kuhamia Linux akaishi raha, mtu wa Adobe, AutoCAD au Revit hawezi.

Umeme wa nyumbani: prosesa ya 140 na kadi ya 170 na vingine vyote, chukulia wati 350 ikiwa imekazwa. Masaa kumi ya renda ni uniti 3.5, na kwa Tanzania elfu kumi unapata kama uniti 28, kwahiyo usiku mmoja ni kama shilingi 1,250. Sio mbaya. Shida ni UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), zile ndogo za 650 VA zinabeba kama wati 325 hadi 390, zikiwa nzima, kwahiyo umeme ukikatika renda ikiwa imekaza inaweza kuzima palepale. Anzia 1000 VA, na ukiweza zaidi.

Ukienda dukani

Nenda na flashi yenye programu zako za kupima vifaa: CPU-Z, GPU-Z, HWiNFO, CrystalDiskInfo, FurMark, na flashi nyingine ya MemTest86. GPU-Z inakamata zile kadi za bandia zilizobadilishwa jina, inaandika FAKE mbele ya jina, na zipo, hasa zile za GTX za chini. Kadi iliyochimba sarafu za kidijitali sio lazima iwe mbovu lakini sikiliza feni na washa FurMark robo saa uangalie joto kwenye HWiNFO, ikipanda haraka na kasi ikaanza kujishusha yenyewe omba punguzo la kubadilisha pesti ya kupitisha joto na feni au ondoka. Ukikuta kadi ya NVIDIA bei chini sana na haina tundu hata moja la monita nyuma, huenda ni P106, kadi iliyotengenezwa kwa kuchimba tu. Fungua kasha uangalie kapasita na vumbi, hesabu RAM kwenye BIOS ilingane na vipande vilivyopachikwa maana sloti iliyokufa inajionyesha hapo. Alafu kubalianeni wiki moja ya kurudisha na iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya siriali ya kila kifaa, maana MemTest ya kweli inataka usiku mzima na dukani hawatakupa usiku mzima.